Msamaha siyo haki: aliyebambikiwa kesi ya mauaji Katavi atatokea mlango gani?

Makamanda, tahariri ya leo inaanzia Uganda, halafu tutarudi nyumbani Mpanda.

Mwaka 1982 mahakama ya Uganda ilimhukumu kunyongwa kijana anayeitwa Edward Edmary Mpagi, mtu wa upande wa Masaka, pamoja na binamu yake. Kosa: kumuua mwanakijiji mwenzao. Mashahidi walipanda kizimbani. Daktari naye alikuja akasema ameufanyia uchunguzi mwili wa marehemu. Kila kitu kilikuwepo kwenye faili, kasoro kitu kimoja tu. Marehemu alikuwa hai.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Aliyedaiwa kuuawa alikuwa anakula, analala na kutembea zake. Chanzo cha yote kilikuwa ugomvi wa familia mbili, na daktari yule, ilikuja kubainika, alikuwa amehongwa. Binamu yake Mpagi alifia gerezani mwaka 1985. Wazazi wa Mpagi walihangaika ofisi hadi ofisi kumtafutia haki mtoto wao, na mwaka 1989 watu wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wakachunguza na kukuta kweli yule bwana yupo hai. Sasa wewe unadhani Mpagi alitoka lini? Wiki iliyofuata? Mwaka uliofuata?

Alitoka Julai 2000. Miaka 11 baada ya serikali kujua kwamba hakuna aliyeuawa. Jumla alikaa ndani zaidi ya miaka 18, na muda mwingi alikuwa gereza la Luzira na watu wanaosubiri kitanzi. Mwaka 1999, yaani mwaka mmoja tu kabla hajaachiwa, watu 28 walinyongwa Luzira. Kama zamu yake ingefika, leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Na alipotoka, hakutoka kwa hukumu ya mahakama iliyosema "tulikosea". Alitoka kwa msamaha wa Rais. Alisamehewa. Hebu jiulize, alisamehewa nini?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulileta Katavi, kwa sababu kwa sheria zetu za leo, Mtanzania akipatwa na yaliyompata Mpagi, mlango wa mwisho atakaoonyeshwa ni huo huo.

Safari ya mtu wa Majimoto

Tufanye mfano. Siyo kisa cha mtu fulani, ni njia ambayo kesi ya mauaji inapita, na wengi wenu mna ndugu au jirani aliyewahi kuipita.

Bibi mmoja ameuawa usiku Majimoto, au Karema, au ndani huko Mishamo. Asubuhi kijiji kimejaa. Wengine wanasema alikuwa mchawi, na wengine wanakumbuka ugomvi wa shamba. Tunajua sisi wa mikoa hii jinsi lambalamba na kamchape wanavyoweza kuingia kijijini na kuondoka wameacha majina ya watu midomoni mwa watu. Jina likishatajwa kwenye ramli, linatajwa kwenye mkutano, kisha linatajwa kituo cha polisi. Likifika pale halisemwi tena kwamba limetoka kwa mganga. Linaandikwa kwamba limetoka kwa "taarifa za raia wema".

Kijana anakamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema polisi wana saa nne za kumhoji tangu wamtie nguvuni, na wakihitaji muda zaidi kuna utaratibu wa kuuomba. Inasema pia ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Nani kule kijijini anayajua haya? Na hata akiyajua, wakili yuko wapi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 mkoa wa Katavi. Mawakili wengi wa nchi hii wamejazana Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya. Wa kwako wewe wa Majimoto atakufikia lini?

Basi anaandikiwa maelezo ya onyo. Hapa ndipo kesi nyingi zinapozaliwa. Kwa sheria yetu ya ushahidi, mtu akikiri mbele ya polisi, ungamo lake linapokelewa mahakamani ilimradi amelitoa kwa hiari. Kuthibitisha hiari hiyo ni kazi ya Jamhuri. Ila chumbani walikuwepo nani? Askari na mtuhumiwa. Hakuna kamera, hakuna kinasa sauti, hakuna ndugu. Mwisho wa siku ni neno la afande dhidi ya neno la mtu aliyefungwa pingu.

Wengi wetu tulilijua neno "maelezo ya onyo" kwenye kesi ya ugaidi ya Mwenyekiti wa wakati ule, Mbowe, na wenzake watatu, mwaka 2021 na 2022. Tulikuwa tunaifuatilia kwenye simu mstari kwa mstari. Tuliona kesi ndogo ikifunguliwa ndani ya kesi kubwa, kubishania tu kama maelezo ya mshitakiwa mmoja yalichukuliwa kwa hiari na ndani ya muda. Mshitakiwa alisema aliteswa, Jamhuri ikakana, Mahakama ikayapokea maelezo. Tarehe 4 Machi 2022 DPP akaiondoa kesi yote. Sasa fikiria: kesi ile ilikuwa na jopo la mawakili, waandishi, mabalozi na nchi nzima inatazama. Bado ilikuwa mapambano. Huyu wa Majimoto nani anamtazama?

Na tusisahau mazingira. Juni 2013, Waziri Mkuu wa wakati ule, mwana wa hapa hapa Katavi, alisimama bungeni akasema wanaokaidi amri ya polisi wapigwe tu. Alikuwa anazungumzia watu wa vurugu, siyo watuhumiwa wa mauaji. Lakini ukisikia kauli kama hiyo inatoka juu kabisa, askari wa kituo cha mwisho kabisa wa barabara ya vumbi anaelewa nini?

"Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa"

Baada ya hapo kijana anafikishwa mahakama ya chini. Mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, kwa hiyo anaambiwa asijibu chochote. Dhamana hakuna, mauaji hayana dhamana. Anarudishwa mahabusu. Baada ya wiki mbili analetwa tena kwa ajili ya kutajwa, na mwendesha mashtaka anasimama na sentensi ile ile ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama ameisikia: upelelezi haujakamilika. Wiki mbili tena. Mwezi. Mwaka. Miaka.

Mama yake anakuja kila tarehe. Anapanda gari alfajiri, anakaa nje ya mahakama na kifurushi cha ugali na dagaa, anamuona mwanae dakika tano akishuka kwenye karandinga, anarudi. Mbuzi wanauzwa, shamba linawekwa rehani. Huyu mama hayupo kwenye takwimu yoyote ya serikali, lakini adhabu ameshaanza kuitumikia kabla ya hukumu.

Upelelezi ukikamilika, faili linapanda Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi Katavi tumehudumiwa na Mahakama Kuu Kanda ya Sumbawanga. Aliyewahi kupita Sitalike, akakata hifadhi, akapita Kizi na Chala anajua ni zaidi ya kilomita 200. Mara nyingine majaji wamekuwa wakija kuketi Mpanda kwa vikao, na kikao kinategemea bajeti. Bajeti isipokuwepo, kesi inasubiri. Shahidi muhimu anahama au anafariki. Aliyekuona mnadani Inyonga siku ya tukio, baada ya miaka mitano hakumbuki tena ilikuwa Jumanne au Jumatano.

Kwenye kesi ya mauaji serikali inampa mshitakiwa wakili. Ni jambo jema na tunalisema bila kinyongo. Tatizo ni kwamba mara nyingi wakili wa kupangiwa anakutana na mteja wake kesi ikiwa mlangoni. Hana fungu la kwenda Majimoto kutafuta mashahidi wa utetezi. Jamhuri ina polisi, mkemia na magari. Utetezi una mtu mmoja na kalamu.

Halafu ushahidi wenyewe. Mauaji mengi ya vijijini yanatokea usiku, na shahidi anasema alimtambua muuaji kwa mwanga wa tochi, koroboi au mbalamwezi. Mahakama ya Rufani ilishaonya tangu mwaka 1980, kwenye shauri la Waziri Amani, kwamba ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko ushahidi mwingine na haufai kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa: umbali ulikuwa kiasi gani, mwanga wa nini, ulimtazama muda gani, ulikuwa unamjua kabla? Zaidi ya miaka 40 sasa onyo hilo lipo. Na bado watu wanaendelea kutiwa hatiani kwa "nilimtambua kwa sauti na kwa kofia", mpaka Mahakama ya Rufani ije kuzitengua hukumu hizo miaka kadhaa mbele.

Akitiwa hatiani, jaji hana hiari. Kanuni ya Adhabu inampa neno moja: kunyongwa. Hawezi kutazama mazingira, wala wasiwasi mdogo uliobaki moyoni mwake.

Mlango unaofungwa

Watetezi wa mfumo huwa wanasema: rufaa ipo. Kweli ipo. Notisi inatolewa ndani ya siku 30, na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wanalipitia faili. Hatuwabezi. Wameokoa wengi, na bila wao hali ingekuwa mbaya zaidi.

Lakini tuangalie wanachofanya. Wanapitia yaliyomo kwenye faili. Wakati wa rufaa wanaweza kwa hiari yao kupokea ushahidi wa ziada, ila ni nani atakwenda kuutafuta ushahidi huo, mfungwa aliyeko Ruanda Mbeya au Isanga Dodoma? Kwa hiyo anayeshinda rufaa kawaida anashinda kwa sababu ya kasoro: maelezo yalichukuliwa nje ya muda, wazee wa baraza hawakuelekezwa vizuri, kielelezo hakikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa. Na mara nyingine kasoro ikionekana, amri inakuwa kesi isikilizwe upya. Mtu ameshakaa miaka kumi, anarudishwa mwanzo wa foleni.

Sasa tuje kwenye kiini. Chukulia rufaa imekataliwa. Mwaka wa tatu baada ya hapo, muuaji halisi anaugua, anamwita padri au shehe, anakiri. Au shahidi anasema, jamani nilidanganya, nilitishwa. Au, kama kwa Mpagi, "marehemu" anaonekana anauza samaki Karema. Mfungwa anakwenda wapi?

Kuna kitu kinaitwa mapitio kwenye Mahakama ya Rufani yenyewe. Yana sababu tano tu zilizoorodheshwa kwenye kanuni, na muda wake ni siku 60 tangu hukumu. Hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo imo kwenye orodha. Ushahidi mpya, kwamba mambo sasa yamejulikana na mtu huyu siye, haumo. Siku 60 zikipita unaomba kuongezewa muda, na unatakiwa kueleza ulichelewa kwa nini, wewe uliyekuwa nyuma ya nondo.

Zamani palikuwa na mlango mwingine jirani tu, Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nchi yetu ndiyo mwenyeji wake, ilisikiliza malalamiko ya Watanzania wengi walioko magerezani. Tarehe 28 Novemba 2019, kwenye shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema adhabu ya lazima ya kifo inavunja haki ya kuishi kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima. Tarehe 21 Novemba 2019, yaani wiki moja kabla ya hukumu hiyo kusomwa, serikali yetu ilikuwa imeshawasilisha taarifa ya kujitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Kujitoa kukaanza kazi Novemba 2020. Mahakama iko nchini kwetu, Watanzania ndio hatuingii.

Kinachobaki ni Ibara ya 45 ya Katiba: msamaha wa Rais. Desemba 9, 2017 pale Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, akiwemo mzee wa miaka 85. Miezi michache kabla, Septemba, alikuwa ameshasema hadharani kwamba hayuko tayari kusaini watu wanyongwe. Tulikuwa na ugomvi mkubwa na awamu ile, na tunao mpaka leo, lakini kwa hilo hatuwezi kuona aibu kusema alifanya jambo la utu.

Hata hivyo msamaha ni wa mkosaji. Ukimsamehe mtu ambaye hakufanya, umemfungulia geti lakini umemwachia jina la muuaji. Anarudi kijijini watu wanasema "yule aliyeua, Rais alimwonea huruma". Hapati fidia. Akitaka fidia afungue kesi ya madai, athibitishe kuwa alishitakiwa kwa nia mbaya, na mzigo huo ni wake. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976. Ibara ya 14 ya mkataba huo inasema aliyeadhibiwa kimakosa na ikathibitika, alipwe fidia kwa mujibu wa sheria. Sheria hiyo iko wapi?

Wengine walifanyaje?

Msije mkaambiwa kwamba haya ni mambo ya wazungu. Uingereza yenyewe ilifika hapo baada ya kuua na kufunga watu wasio na hatia, na mmoja wao alikuwa mtu wa pembe hii ya Afrika.

Mahmood Mattan alikuwa baharia Msomali aliyeishi Cardiff. Mwaka 1952 alishitakiwa kumuua mwanamke mwenye duka. Wakili wake mwenyewe, katika kumtetea, alimwelezea mbele ya baraza la mahakama kama mtu nusu mshenzi. Alinyongwa Septemba 3, 1952. Mke wake na watoto walibaki na aibu hiyo mitaani kwa miaka 45. Hatimaye Februari 1998 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaifuta hukumu. Mwaka 2022 polisi wa eneo hilo wakaomba radhi. Mzee ameshaoza kaburini.

Kilichoifungua kesi ile ni Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, chombo huru kilichoanza kazi mwaka 1997. Ya Mattan ilikuwa kesi yake ya kwanza kuirudisha mahakamani. Tume hiyo haimsamehi mtu. Inachunguza, inaita mafaili ya polisi, inatafuta ushahidi mpya, na ikiona pana mashaka inairudisha kesi kwa majaji, hata kama rufaa zilishaisha zamani.

Tusiende mbali. Kenya, kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 50(6), waliandika kwamba mtu aliyetiwa hatiani na rufaa zake zikaisha anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kesi mpya, akiwa na ushahidi mpya na mzito. Sentensi moja tu, lakini ni mlango. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwenye shauri la Muruatetu, ikaondoa ulazima wa adhabu ya kifo. Uganda nayo ilishafanya hivyo Januari 2009 kwenye shauri la Kigula na wenzake. Majirani wote wawili wametuacha.

Na sisi siyo kwamba tulikosa watu. Mwaka 1994, pale Dodoma, Jaji Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua kauli hiyo. Julai 15, 2023 Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti nzito juu ya polisi, mashtaka, mahabusu na magereza. Serikali yenyewe iliiunda, majina yenyewe iliyateua. Ripoti isibaki kuwa pambo la kabati.

Hata sisi

Sasa makamanda, tuambiane ukweli wenyewe kwa wenyewe.

Akitokea mtoto ameuawa Makanyagio au bibi amekatwa mapanga Kakese, magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa nini? "Anyongwe." "Achomwe." Picha ya mtuhumiwa inazunguka kabla hajafikishwa mahakamani. Tunaopiga kelele kila siku kwamba viongozi wetu wanabambikiwa kesi, tunaamini kila neno la polisi pale aliyekamatwa akiwa mtu tusiyemjua. Eti polisi wanaobambikia wanasiasa, kwa wakulima ni malaika?

Kuna watakaosema tunatetea wauaji. Hapana. Familia ya marehemu ndiyo ya kwanza kuibiwa mtu asiyehusika akifungwa. Aliyemuua bibi yao bado anakunywa kahawa kijijini, na faili limefungwa na kuandikwa "kesi imekwisha". Kumtafuta muuaji sahihi ndiyo heshima ya marehemu.

Tunachodai

Kwanza, Katiba Mpya iwe na ibara inayompa aliyetiwa hatiani haki ya kurudi mahakamani akipata ushahidi mpya na mzito, bila kujali rufaa ziliisha lini.

Pili, kiundwe chombo huru cha kupitia kesi zenye mashaka, chenye nguvu ya kuita mafaili na kuchunguza, na kisiwe chini ya polisi wala DPP.

Tatu, iwepo sheria ya fidia na ya kusafisha jina. Mtu atoke na cheti cha mahakama kinachosema hakufanya.

Nne, adhabu ya lazima ya kunyongwa ifutwe, na tamko la Mahakama ya Arusha lirudishwe.

Tano, mahojiano ya kesi za mauaji yarekodiwe kwa sauti na picha. Simu ya laki mbili inaweza. Tusiambiwe hakuna bajeti.

Hayo ni ya bungeni na barabarani. Yapo pia ya kesho asubuhi, na hayasubiri uchaguzi. Kila tawi Katavi liwe na vijana wawili wanaokwenda mahakamani siku za kutajwa, wanakaa, wanaandika tarehe, jina la kesi na sababu ya kuahirishwa. Mahakama iko wazi kwa umma, huhitaji kibali. Familia ikikamatiwa mtu, mwambieni mama muda wa mahojiano na haki ya kuwasiliana na ndugu, na muandikeni saa aliyokamatwa na mashahidi waliokuwepo siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu hazijafutika. Mtu akihukumiwa, hesabuni siku 30 za notisi ya rufaa pamoja na familia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Tafuteni walio karibu nanyi, na mwenye nia ajifunze kazi hiyo.

Mpagi alitolewa gerezani kwa sababu wazazi wake hawakunyamaza, na miaka 18 walikuwa karibu peke yao. Mama wa Majimoto anayekaa nje ya mahakama na kifurushi chake asikae peke yake. Tarehe ijayo ya kutajwa, muwepo.

Dawati la Tahariri